Glasi Sita Nyembamba

Nyamira,
11 Februari 2024

Kwa mke wa mwanangu, Syprose,

Pokea salamu zangu, wewe na Nyabuto na mjukuu wangu Nyakerario. Mimi ni mzima. Jua la Januari lilikausha chai tukawa tunachuma kiganja kimoja kwa siku, lakini tangu wiki jana mvua imegusagusa na majani yameanza kuchipua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mwambie Nyabuto kwamba paa la jikoni alilotengeneza Krismasi halivuji tena. Mama Nyangate, jirani yangu, anakusalimu.

Masikio ni yale yale. Mwezi ujao yatatimiza miaka mitano tangu homa ya uti wa mgongo iyachukue. Ndiyo maana naandika. Simu kwangu ni kipande cha plastiki, na maandishi yake ni madogo mno kwa macho haya. Tena mtu aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na moja haachi kalamu hivi hivi. Omosa, anayepeleka ndizi zetu huko Kisii, soko la Daraja Mbili, kila Jumanne, amekubali kuwa posta yetu.

Sasa jambo lenyewe. Naomba uninunulie vikombe sita vya glasi vya kunywea chai. Nina vya bati, na nina vile vya udongo vya harusi yangu, lakini nataka vya glasi. Uchague wewe; jicho lako ni jicho la fundi wa nguo. Usiniulize ni vya nini.

Mtakuja Pasaka?

Mama yako,
Bosibori

*

Kisii,
27 Februari 2024

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Barua yako ilifika ikinuka ndizi, nikafurahi. Sisi ni wazima. Nyabuto yuko kwenye ujenzi wa ghorofa upande wa Nyakoe, anatoka alfajiri, anarudi na saruji mpaka kwenye nyusi. Nashona sare za shule, cherehani haipoi. Nyakerario anakua, viatu vya Krismasi vimeshamkataa. Unisamehe kuandika Kiswahili tu. Ekegusii changu bado kinachechemea, na Kijaluo changu hakingekufaa.

Vikombe hivi hapa, sita. Nilizunguka maduka matatu. Nimechagua vyenye mkono ili visikuchome, na vinene ili visivunjike njiani kwa Omosa. Yale maua mekundu ubavuni niliyapenda sana. Nilifikiri pengine unataka wageni waone rangi ya chai ya shamba lako.

Kuhusu Pasaka sina uhakika. Mtoto ana kikohozi na sare ni nyingi. Tutaona.

Wako,
Syprose

*

Nyamira,
19 Machi 2024

Kwa Syprose mwanangu,

Nashukuru Mungu tumeamka. Mvua sasa imeshika kweli, na matope yamefunga njia ya kituo cha kuuzia majani. Ndama amepewa jina la Pasaka kwa sababu tunawangoja ninyi.

Vikombe nilivipokea vyote sita na hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Ni vizuri. Navirudisha kwa Omosa, na mkungu wa ndizi juu yake. Usikasirike. Ni vinene mno, na yale maua yanaziba. Nataka glasi tupu, nyembamba, isiyo na mchoro wala mkono. Kama hakuna dukani, basi, tuache.

Nina swali jingine. Nyakerario anaongeaje? Sisemi anasema nini. Nauliza sauti yake ikoje, nzito au nyembamba, ya pua au ya kifua? Uniandikie vizuri, kama unavyomweleza mteja kitambaa asichokishika.

Mama yako,
Bosibori

*

Kisii,
7 Mei 2024

Kwa Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Shule zilipoahirisha kufungua kwa sababu ya mafuriko, wateja wa sare walipotea, kisha wakarudi wote siku moja. Nyabuto anakusalimu. Pasaka tuliipitisha hapa hapa mjini, unajua.

Mama, niseme lililo moyoni kwa sababu karatasi haina uso. Vikombe vile niliporudishiwa niliviweka juu ya kabati, na kila nikiviona nauma mdomo. Mimi ndiye mke wa kwanza katika ukoo huu kutoka upande wa ziwa. Siku nilipoletwa ulinikaribisha, sina lawama. Lakini ulisema mbele ya shangazi kwamba ziwa ni mbali, nami nilisikia. Kama kilicho kinene si glasi bali ni mkono uliozichagua, niambie nielewe.

Umeuliza sauti ya Nyakerario. Ni ya chini kuliko watoto wenzake, ina ukwaruzo kidogo, kama mkasi unapoingia kwenye kitambaa cha sare. Akifurahi inapanda ghafla. Zaidi ya hapo sijui nikueleze vipi.

Syprose

*

Nyamira,
14 Mei 2024

Kwa Syprose, mke wa mwanangu,

Sianzi na ng'ombe wala mvua leo. Sisi ni wazima.

Ni kweli nilisema ziwa ni mbali. Nilisema kwa sababu nilidhani utamchukua mwanangu aende akaishi huko. Hukumchukua, na mimi sikukuomba radhi. Naomba sasa, nimechelewa miaka saba. Mkono wako hauna kosa. Nilificha sababu ya glasi kwa kuwa niliogopa mtaniona nimerukwa na akili. Sasa nakwambia.

Ilikuwa Januari, Jumuiya ya kanisa ilipokutana kwa Mama Nyangate. Tangu masikio yaondoke, ibada kwangu ni midomo tu. Natazama inafunguka, inafungwa, wakisimama nasimama. Siku ile maziwa hayakutosha, tukapewa strungi, chai kavu, katika glasi ndogo ambazo Linet, binti ya Mama Nyangate, alikuwa amekuja nazo kutoka Nakuru. Yangu iliwekwa kwenye sinia la bati juu ya kigoda, karibu na mlango. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia. Likagonga ile chai, na ukutani pakatokea mwanga wa rangi ya asali, ukubwa wa kiganja.

Ukaanza kutetemeka.

Nilidhani mtu amegusa kigoda. Hakuna aliyekigusa. Nikainua macho nikaona wanaimba. Ubeti ulipoisha, mwanga ukatulia kabisa. Walipoanza tena, nao ukaanza. Nikamtazama Mzee Nyamongo, yule wa sauti ya nne, ile nzito. Kila alipojaza kifua, mwanga ulifanya mikunjo, mmoja ndani ya mwingine, kutoka katikati hadi pembeni. Akina mama walipopokea, mikunjo ikawa midogo midogo, ya haraka. Syprose, niliuona wimbo. Nilijua hata ni upi, kwa jinsi ulivyopumzika na kurudi. Nilitokwa na machozi, wakadhani ni mahubiri.

Nimechuma chai tangu nikiwa msichana. Nimeibeba mgongoni, nimeinywa kila siku ya maisha yangu, na sikujua ina jambo kama hili ndani yake. Nilikaa na ile glasi mpaka wote wakaondoka.

Linet alirudi Nakuru na glasi zake. Nilijaribu na vikombe vyangu nikashindwa, bati halipitishi jua. Nilijaribu na vyako pia. Mama Nyangate alifungua redio kwa nguvu zote, lakini mwanga ukakaa pale pale kama mtu aliyelala, na kivuli cha maua katikati.

Homa ilinichukua masikio wiki tatu kabla mjukuu wangu hajazaliwa. Sijawahi kusikia hata kilio chake. Sasa umejua ni vya nini. Kama itashindikana, itashindikana, lakini nataka kujaribu.

Mama yako,
Bosibori

*

Kisii,
11 Juni 2024

Kwa Mama yangu,

Shikamoo Mama. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena, kisha nikamsomea Nyabuto. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Nilikwenda kwa Machogu, mzee mwenye duka la vyombo karibu na stendi. Akaniuliza, "Unataka za wageni au za nyumbani?"

"Nataka inayosikia," nikamjibu. Nilikuwa nimechoka, ndilo neno lililotoka.

Hakucheka. Aliingia nyuma akarudi na glasi za aina nne, akazipanga kaunta. Akaipiga ya kwanza kwa ukucha, ikatoa mlio mfupi kama jiwe. "Hii imekufa," akasema. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Ya nne, ndogo, iliyonyooka, nyembamba mpaka unaogopa kuishika, aliigusa tu ikalia, na ule mlio ukaendelea mpaka nikasahau kupumua. "Hii iko hai. Lakini chai ya moto itaipasua usipotanguliza kijiko ndani. Ya nini hasa?"

Nikamweleza yote. Akaleta chupa yake ya chai. Ilikuwa strungi. Alitia kijiko kwanza, akajaza glasi karibu na ukingo, akaiweka juu ya sinia la bati pale jua linapoingia. Mwanga ukapanda kwenye boksi jeupe la sahani. Jirani yake anauza spika na huwa anapiga muziki mchana kutwa.

Mama, ule mwanga uliruka. Kila ngoma ilipogonga, ulijikunja na kujikunjua kama kitu kinachopumua. Mwanamke aliyekuja kununua sufuria aliweka mkoba chini akasogea. Mwishowe Machogu akasema polepole, "Miaka ishirini nauza glasi, na sijawahi kutia chai ndani ya hata moja nikaitazama." Nami nikawaza, spika ni spika, sauti ya mtoto ni ndogo. Wimbo ulipoisha na mwanga ukatulia, nikainama karibu na sinia nikasema jina lako. Mwanga ukatikisika, kidogo sana, lakini nikauona.

Nimenunua sita. Sitazituma kwa Omosa. Tutazileta wenyewe Agosti shule zikifungwa.

Sasa na mimi kuna jambo nililoficha. Kikohozi cha Pasaka hakikuwepo. Krismasi ile, ulipokuwa jikoni unakata boga, Nyakerario alisimama mlangoni nyuma yako akakuita. Aliita mara nyingi. Hukugeuka. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia, na tangu siku ile akisikia Nyamira anasema hataki, Nyanya hampendi. Nilimweleza habari ya masikio, lakini hajaelewa. Nilijua ukiambiwa itakuumiza, basi nikawa nabuni kazi na magonjwa. Kutoka hapa hadi kwako si hata saa nzima, na nimekufanya uwe mbali miezi sita.

Unisamehe.

Syprose

*

Nyamira,
25 Juni 2024

Kwa Syprose,

Salamu. Tu wazima.

Nimeisoma barua yako siku tatu mfululizo. Lile boga nililikumbuka. Nilikuwa nalikata kwa ajili yake, kwa sababu uliniambia analipenda. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo nikimpikia, huku yeye ananiita.

Hujanikosea kwa kuficha. Ningeficha pia.

Mleteni. Asilazimishwe kunisalimu wala kunishika mkono. Na habari ya glasi msimwambie. Nisingependa aone kama anafanyiwa mtihani.

Bosibori

*

Kisii,
13 Agosti 2024

Kwa Mama,

Shikamoo. Tulifika salama hapa nyumbani Jumapili jioni. Ahsante kwa maziwa na viazi. Nyabuto hajanyamaza tangu turudi, anaimba hata akinyoa.

Naandika kwa sababu kuna jambo silijui. Jumamosi ilinivunja moyo, nisikufiche. Nilimimina chai kwenye zile glasi, tukakaa wote mezani, na wingu likaziba siku nzima. Nyakerario alijificha nyuma yangu asitoe hata neno. Niliona ulivyoutazama ukuta kisha ukaangalia mikono yako. Jumapili tulipokwenda Misa tukakuachia mtoto mwenye mafua akiwa amelala, nilisali nikiwa na wasiwasi kwamba ataamka alie.

Tuliporudi tuliwakuta nyuma ya nyumba mmekaa chini, kigoda kati yenu, na hakuna kati yenu aliyetueleza kitu. Nilimwuliza tukiwa njiani. Alisema neno moja tu: "Nyanya anasikia kwa ukuta." Kisha akalala. Leo asubuhi nimemkuta amejaza maji kwenye glasi yangu, ameiweka dirishani, anaiambia jina lake.

Mama, kilitokea nini?

Syprose

*

Nyamira,
20 Agosti 2024

Kwa mwanangu Syprose,

Nawasalimu nyote watatu. Mguu uliokuwa unamsumbua Mama Nyangate una nafuu sasa. Chai ya mwezi huu ni nyingi, mikono yangu imekuwa myeusi kwa utomvu, utaona alama kwenye karatasi.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nikashindwa kuanza. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mlipoondoka nilichemsha strungi kwa ajili yangu. Mawingu yalikuwa yamepasuka. Nikatanguliza kijiko kama ulivyonifundisha, nikajaza glasi, nikaiweka kwenye sinia, sinia kwenye kigoda, mbele ya mlango. Nikakaa nikiutazama ukuta, mgongo wangu ukielekea chumba alimolala. Sikuwa namngoja. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikaona angalau nitazame rangi. Mwanga ulipanda ukutani ukatulia, safi, bila kivuli chochote.

Kisha ukatetemeka. Kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi. Nikasema ni upepo. Nilitazama majani ya mgomba nje, hayakuwa yanacheza. Ukatetemeka tena: mara mbili, fupi, halafu kimya. Mara mbili, halafu kimya. Nimefundisha watoto silabi miaka thelathini na moja, nazijua hata nikiziona. Nya. Nya. Nikakaa bila kusogea, maana nilitaka kuziona mara moja zaidi kabla sijageuka. Nazo zikaja.

Nikageuka. Alikuwa amesimama hatua moja nyuma yangu, blanketi begani, mdomo bado wazi.

Nikamwambia, "Ee, mjukuu wangu, nimekuitika." Sijui nilisema kwa sauti kubwa kiasi gani, kwa maana alirudi nyuma kidogo. Basi nikamwonyesha ukuta kwa kidole, nikamwashiria aite tena. Aliita huku akiutazama. Akaona. Akafunga mdomo, mwanga ukakaa. Akaufungua, ukaamka. Alinitazama, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na macho yake yakawa makubwa. Nadhani tuliogopa wote wawili, yeye kwa umri wake na mimi kwa wangu. Nimekaa katika nyumba hii miaka arobaini, na ilikuwa kama nimeingia kanisani.

Baadaye alipiga magoti akaweka kidevu karibu na sinia, akaanza kuzungumza. Alizungumza sana. Sijui alisema nini na sikumwuliza. Hayo ni yake. Nilichoona ni kwamba ulisema kweli, sauti yake ni ya chini: mikunjo yake ni mipana, inakwenda polepole kama sauti ya baba yake alipokuwa anajifunza kusoma. Wakati fulani alicheka, na mwanga ukavunjika vipande vipande ukutani, kisha ukajikusanya. Alipoona hivyo akacheka tena makusudi.

Jua likahama mlangoni, na mwanga ukatutoka. Nilidhani yamekwisha. Yeye akanishika mkono, mara ya kwanza tangu azaliwe kufanya hivyo kwa hiari yake, akanivuta, akanionyesha jua lilipokwenda. Tukabeba kigoda hadi ukuta wa jikoni. Lilipohama hapo, tukalifuata nyuma ya nyumba. Ndipo mlipotukuta.

Chai ilikuwa imepoa kabisa. Niliigawa katika glasi mbili, yeye yake na mimi yangu, tukainywa hivyo hivyo.

Njooni tena kukiwa na jua.

Mama yako,
Bosibori